Kuacha vidonge vya usingizi ukiwa na presha, sukari na magoti mabovu: tuzungumze kwa kina

Mwalimu Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nauandika kwa ajili ya watu wa kundi langu: umri umevuka hamsini, presha ipo, sukari ipo, magoti yanauma, na pembeni ya kitanda kuna kidonge cha usingizi ambacho miaka inapita hakikosekani. Nyuzi nyingi za kukosa usingizi zinasema oga maji ya uvuguvugu, weka simu mbali, kunywa maziwa. Sawa. Lakini mtu anayeamka mara nne kwenda haja ndogo, simu haihusiki. Na akitaka kuacha kidonge anaambiwa, "Wewe na hali yako hiyo meza tu ulale." Ninakataa. Hali yetu hiyo ndiyo inayotudai tuviache, ila kwa mpango na daktari akijua.

Mimi nilikuwa kwenye diazepam, ile wengi tunayoiita Valium. Niliandikiwa baada ya upasuaji; jeraha likapona, kidonge kikabaki. Sasa sikitumii tena. Presha na sukari bado ninazo, dawa zake nameza kila siku, na usiku nalala. Sio usingizi wa binti wa miaka kumi na mitano, lakini asubuhi kichwa ni chepesi na majina ya watu nayakumbuka.

Jambo la kwanza, someni hili hata kama hamtasoma jingine. Diazepam, lorazepam, clonazepam, bromazepam na wenzake, pamoja na zolpidem, HAZIACHWI GHAFLA kama umezitumia kila siku kwa wiki kadhaa au zaidi. Kuna watu wameanguka kifafa ambacho hawakuwahi kuwa nacho, na kuna waliokufa. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza kundi zima la diazepam libebe onyo la ngazi ya juu kabisa kuhusu utegemezi na hatari ya kukatisha.

Kwa nini iwe hivyo? Ubongo una kemikali yake ya kujituliza, inaitwa GABA, na dawa hizi huipa nguvu. Ukizimeza kila usiku, ubongo nao unajisawazisha kwa kupunguza utulivu wake wenyewe, kama dereva anayelegeza mguu kwa sababu kuna mtu mwingine anamkanyagia breki. Ukiondoa dawa kwa mkupuo, moyo unakwenda mbio, jasho, mikono inatetemeka, woga unakuja bila sababu, usingizi unapaa kabisa. Usiku wa pili mtu anasema, "Mnaona? Ugonjwa wangu umerudi, siwezi kuishi bila dawa." Hapo sio ugonjwa uliorudi. Ni arosto, yaani mwili unadai dawa uliyoizoea, na kwa anayepunguza taratibu huwa nyepesi na huisha.

Uingereza waliliona hili mapema. Mwaka 1988 kamati yao ya usalama wa dawa ilishauri vidonge hivi vitumike wiki mbili hadi nne, basi. Kule Newcastle, Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu wanaoacha dawa hizi kuanzia 1982 hadi 1994, na utaratibu wake wa kupunguza kidogokidogo, kwa mwendo anaouweza mgonjwa mwenyewe, bado unafuatwa sehemu nyingi.

Sisi wenye umri tuna sababu ya ziada. Diazepam hukaa mwilini siku nyingi, na kadiri umri unavyopanda ndivyo mwili unavyochelewa kuitoa. Kidonge cha Jumatatu kinakutana na cha Jumanne, vyote viwili vinasubiri cha Jumatano. Mtu anaamka usiku kwenda chooni, anayumba, anaanguka, nyonga inavunjika. Ongeza ganzi ya miguu inayotokana na sukari, ongeza dawa ya presha inayoleta kizunguzungu ukisimama haraka, uone hatari ilivyo kubwa.

Sasa nije kwenye kiini cha uzi. Kabla hujapunguza hata chembe, jua KINACHOKUAMSHA NI NINI. Tulikaa na daktari, dawa zangu zote mezani, kila moja na saa yake ya kumezwa. Fanyeni hivyo. Utashangaa ni mambo mangapi yanaitwa "kukosa usingizi" na si kukosa usingizi.

Haja ndogo ndiyo mwizi mkubwa. Ukimeza dawa ya kutoa maji, furosemide au hydrochlorothiazide, wakati wa jioni, lazima uamke. Wengi wanaweza kuhamishiwa asubuhi. Kama miguu inavimba jioni (na amlodipine inajulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu), yale maji ya miguuni hurudi kwenye damu ukilala, figo zinayachuja, unaamka. Kuinua miguu alasiri kwa muda, kabla ya giza, kunayatoa mapema. Na sukari: ikizidi takriban 10 kwa kipimo cha mmol/L, figo haziwezi kuirudisha yote, inatoka na mkojo na kuvuta maji nyuma yake. Mtu wa namna hiyo hata umpe Valium mbili ataamka tu, ila ataamka akiwa mlevi. Kinachotakiwa kushushwa ni sukari.

Upande wa pili ni sukari kushuka usiku, hasa kwa wanaochoma insulini au kumeza glibenclamide. Dalili zake: shuka limelowa jasho, ndoto za kutisha, moyo kugonga, asubuhi kichwa kinauma. Kama una mashine nyumbani, pima saa tisa usiku kwa siku kadhaa na umpelekee daktari hizo namba. Hili la kushuka usilipuuze hata kidogo.

Maumivu nayo. Goti au mgongo unaokuamsha unataka tiba yake yenyewe, na moto wa nyayo wa wenye sukari una dawa zake. Lakini msichanganye tramadol na Valium kwa kujiamulia, wala Valium na pombe. Vyote vinapunguza pumzi, na vikikutana mtu anaweza asiamke.

Kukoroma: kama mwenzako anasema unakoroma, halafu unanyamaza kabisa, halafu unashtuka kama uliyekabwa, na mchana unasinzia kwenye kiti, mwambie daktari kabla ya yote. Pumzi inayokatika usingizini hupandisha presha hata dawa zisifue dafu, na vidonge vya usingizi hulegeza misuli ya koo na kuizidisha.

Kuna pia dawa zinazofukuza usingizi zenyewe. Prednisolone na dexamethasone zikimezwa jioni zinakesha na wewe. Kwa kawaida humezwa asubuhi (nazo haziachwi ghafla). Aminophylline ya pumu nayo hufukuza usingizi. Walioko kwenye ARV wanakumbuka ndoto za efavirenz. Siku hizi wengi wako kwenye TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu ndani, na ile dolutegravir iliyomo kwa baadhi ya watu hupunguza usingizi. Kuhamishia asubuhi mara nyingi kunatosha. Ongea na CTC yako, yaani kliniki unakochukulia ARV, usiruke dozi.

Nitarudi na sehemu ya kupunguza. Maswali karibuni.

---

Kijana wa Makorora

Mwalimu shikamoo. Somo zuri ila naona mnazungusha. Mimi sigara niliiacha siku moja, nikatupa pakiti, imekwisha. Kinachotakiwa ni moyo. Tupa vidonge chooni, teseka wiki moja, umemaliza.

---

Muuguzi wa Zamu

Ndugu yangu, kwa sigara nakuunga mkono asilimia mia. Arosto ya sigara inatesa lakini haiui. Hii ni kama ya pombe kwa mnywaji wa kila siku: inaweza kuua. Nimepokea wodini mama mtu mzima ambaye watoto wake walimnyang'anya vidonge kwa nia njema kabisa, akaja anatetemeka mwili mzima, anaona watu wasiokuwepo, presha iko juu kiasi cha kututia hofu sote. Moyo alikuwa nao. Naomba ndugu waelewe kwamba kumficha mzee dawa si kumsaidia.

Niongeze moja: mwenye kifafa anayetumia clonazepam au phenobarbital kama tiba ya kifafa, uzi huu haumhusu. Asipunguze chochote nje ya kliniki yake.

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu wa Makorora. Muuguzi amekujibu vizuri kuliko nilivyoweza, naye nakushukuru dada.

Sasa kupunguza. Mwongozo uliotolewa na vyama vya madaktari Marekani mwaka 2025 unasema uanze kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi kila wiki mbili hadi nne, na usizidishe asilimia 25 ndani ya wiki mbili. Kwa lugha ya mezani: mwenye kumeza miligramu 10 kila usiku hashuki kwenda 5 kwa mara moja. Anashuka kwenda 9, anakaa, anatazama hali, anaendelea. Inawezekana kwa sababu diazepam hutengenezwa kwa vidonge vya 2, 5 na 10, na mfamasia atakuonyesha namna ya kuvikata na kuvipanga. Wanaotumia vya muda mfupi kama lorazepam, daktari wakati mwingine huwahamishia diazepam kwanza, kwa kuwa hiyo hushuka mwilini polepole yenyewe. Ubadilishaji huo una hesabu yake, usiufanye kwa kubahatisha kwenye duka la dawa.

Ukishuka hatua, usingizi utavurugika kidogo kwa siku kadhaa. Tarajia hilo. Halimaanishi umeshindwa. Hali ikiwa nzito baki pale ulipo wiki chache zaidi, hakuna anayekufukuza. Kitu kisichofaa ni kumeza leo, kesho kuacha, keshokutwa mbili. Mwili unapanda na kushuka, na woga unazidi. Pia usianze wakati wa msiba, au wiki umebadilishiwa dawa ya presha, maana hutajua kipi kimesababisha nini. Na presha pima mara kwa mara zaidi katika kipindi hiki, inaweza kupanda kidogo ukishusha dozi. Sukari vilevile itazame.

Mwaka 2014 watafiti wa Quebec, Kanada, walichapisha kazi yao na wazee wa miaka 65 na kuendelea waliokuwa wakimeza vidonge vya kundi hili kwa muda mrefu. Kundi moja walipelekewa tu kijitabu kinachoeleza madhara pamoja na ratiba ya kupunguza, na wakahimizwa waongee na daktari au mfamasia. Baada ya miezi sita, 27 kati ya kila 100 walikuwa wameacha kabisa. Katika kundi lisilopata kijitabu, 5 tu. Hawa ni wazee, wengi na magonjwa yao, na kilichowasogeza ni maelezo. Nikisikia mtu anasema wazee hawawezi, nakumbuka hesabu hiyo.

---

Mlinzi wa Usiku

Asante mwalimu. Swali langu ni usingizi wenyewe. Tuseme nimepunguza, kitandani nafanya nini? Nalala saa tatu nikibahatika kuwa nyumbani, nageuka mpaka alfajiri. Zamu yangu ni wiki usiku, wiki mchana.

---

Mwalimu Mstaafu

Kaka, kwanza pole na kazi, mnatulinda.

Tiba ambayo Chuo cha Madaktari cha Marekani, ACP, kiliipendekeza mwaka 2016 iwe ya kwanza kwa kila mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu sio kidonge. Ni mazoezi ya kubadili mwenendo na mawazo kuhusu usingizi. Ina sehemu mbili zilizonisaidia mimi kuliko zote.

Moja inatokana na kazi ya Richard Bootzin ya mwaka 1972. Kitanda ni cha kulala na cha mambo ya mume na mke, basi. Usile pale, usifanye hesabu za VICOBA pale, usisikilize taarifa ya habari pale. Panda ukiwa unasinzia kweli, sio kwa sababu saa imefika. Usingizi usipokuja na umeanza kukereka, ondoka. Kaa kwenye kiti, mwanga hafifu, shona, soma kitu kisichokuchemsha, wa dini afanye dhikri au asali. Ukisinzia rudi. Hata iwe mara ngapi. Na saa ya kuamka haibadiliki, umelala vizuri au vibaya. Ubongo ambao kwa miaka umejifunza kwamba kitandani ndipo mahali pa kuhangaika unahitaji kufundishwa upya, na hilo linachukua wiki, si siku. Kwa sisi wa kuanguka: njia ya kufika kwenye kiti iwe wazi, taa iwe karibu.

Ya pili ni ya Arthur Spielman, miaka ya 1980, nayo mwanzoni inaonekana ya kikatili. Kama unakaa kitandani kwa muda wa saa tisa lakini unalala saa sita tu, basi kaa kitandani kwa muda wa saa sita. Yaani unapanda saa tano na nusu usiku, unaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kila siku. Njaa ya usingizi inajikusanya, usingizi unakuwa mzito na wa mfululizo. Ukiona sehemu kubwa ya muda huo unalala kweli, unaongeza robo saa. Muda wa kukaa kitandani usishuke chini ya saa tano kwa usiku. Mwenye kifafa, mwenye historia ya kichaa cha kupanda na kushuka, na dereva wa masafa wasijaribu hii bila mtaalamu.

Kwako wewe wa zamu, hiyo ya pili itakuwa ngumu. Jaribu kumwomba msimamizi zamu zikae muda mrefu zaidi upande mmoja badala ya kugeuka kila wiki. Kugeuka ndiko kunakokuvuruga. Ukitoka asubuhi vaa kofia au miwani ya jua, chumba kiwe giza kweli, hata kwa pazia la khanga mbili. Na kahawa iwe mwanzo wa zamu, sio mwisho. Nusu ya nguvu ya kahawa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Hilo nawaambia na ndugu zangu wa Tanga wa kahawa chungu na kashata barazani baada ya magharibi: hapo ndipo saa nane za usiku zinapotengenezwa. Chai ya rangi kali nayo imo.

---

Mwana wa Likoni

Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu wengi hawanunui Valium, wanakunywa Piriton mbili kila usiku, eti ni ya mafua haina madhara. Na nyanyangu yeye husaga kungumanga kwa maziwa. Hivi vina neno?

---

Muuguzi wa Zamu

Naomba nijibu la Piriton. Inasinzisha, ni kweli, lakini mwili huizoea haraka, baada ya siku chache usingizi wake unapungua na ukavu wa kinywa unabaki. Kwa wazee ni mbaya zaidi kuliko watu wanavyodhani: inaleta kuchanganyikiwa, choo kigumu, na mkojo kukwama, hasa kwa wanaume wenye tezi dume. Nimewahi kuona mzee analetwa mkojo umefunga, chanzo ni Piriton ya kila usiku. Sio dawa ya usingizi.

---

Mwalimu Mstaafu

Kungumanga chembe ya kutia harufu kwenye maziwa au chai haina tatizo, bibi zetu wote wametia. Ila ikishakuwa vijiko, ni sumu. Inaleta moyo kwenda mbio, kutapika, kuona mauzauza, na mtu mwenye presha hapaswi kuijaribu. Muulize bibi kwa upole anatia kiasi gani.

---

Binti wa Kwanza

Shikamoo mwalimu. Nimesoma tangu juu mpaka hapa nikilia. Mama yangu ana miaka 71, presha na sukari, anameza diazepam tangu baba alipofariki. Mwezi uliopita alianguka bafuni, kwa rehema za Mungu hakuvunjika. Nikimwambia tuache anasema, "Mnataka nife kwa mawazo." Nianzie wapi?

---

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu, pole sana na pole kwa mama.

Usianze na neno kuacha. Kwake kile kidonge ndicho kilichomshika mkono mwaka aliofiwa, na ukikigusa anasikia unamgusa marehemu. Anza na kuanguka. Mwambie umeogopa, unataka mwende wote kwa daktari kuangalia kwa nini anayumba. Hilo hatakataa. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za mitishamba na za maumivu alizonunua mwenyewe. Kabla ya kwenda, kaa naye siku chache uandike: anameza nini saa ngapi, anapanda kitandani saa ngapi, anaamka mara ngapi usiku na kwa ajili ya nini, sukari asubuhi ni ngapi, presha akiwa amekaa na akiwa amesimama. Daktari akiona karatasi hiyo hatakwambia "ni uzee tu."

Huzuni nayo itajwe. Mtu anayeamka saa tisa usiku kila siku na hapati hamu ya kitu, huenda ana sonona, na hiyo ina tiba yake tofauti kabisa, Valium haiitibu. Kama hospitali yenu ya mkoa ina kitengo cha afya ya akili, omba rufaa bila aibu.

Kipimo cha kwanza kikipunguzwa, lala naye chumba kimoja wiki hizo za mwanzo kama inawezekana. Ondoa zulia linaloteleza, acha taa ndogo ya korido inawaka. Na asimamie mwenyewe ratiba, yeye ndiye akate kidonge, yeye ndiye aseme leo tuko tayari kushuka au tusubiri. Akiona jasho jingi, kutetemeka kusikoisha, kuchanganyikiwa au kuona visivyokuwepo, hiyo ni hospitali usiku huohuo, hamsubiri asubuhi.

Ukishapata orodha ya dawa zake iweke hapa bila jina lake wala la hospitali, mimi na dada muuguzi tukusaidie kupanga maswali ya kumuuliza daktari. Na uniambie ile ya kutoa maji, kama anayo, anaimeza saa ngapi.